Povu na Mashine Iliyopona

Hapana jamani, hakuzirai. Nani kawaambia alizirai? Wiki nzima watu wananisimamisha njiani, "Babu, yule binti alianguka? Walimpeleka hospitali?" Hakwenda mtu hospitali. Tulimwacha Povu amesimama wima kabisa katikati ya duka la dobi la baba yake, kipaza sauti cha kuazima mkono huu, kidole cha mkono ule bado kwenye swichi. Kilichozirai ni kelele.

Na wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, maana najua wengine mnalifungia vitu kabla hamjalisoma, njoo karibu nikupe kwa mkato.

Binti huyu ni mtoto wa dobi. Kakulia katikati ya sabuni na mvuke, ndiyo maana wakamwita Povu. Mchana anafua. Akimaliza kufua anatengeneza muziki, ule wa umeme, wa kudunda, usio na mpiga gitaa wala mpiga tarumbeta, mtu na kompyuta yake tu. Katengeneza singo yake ya kwanza, kaiita "Kamua". Na ule mdundo wa "Kamua" uliowafanya watu watikise mabega, haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa si mtu. Ni mashine ya kufulia ya hapo dukani, pana kama kabati la maharusi, na umri wake unamzidi Povu. Ikifika kwenye kukamua ilikuwa inagonga: ko-ko, du! Ko-ko, du-du! Mtaa mzima unaijua. Povu akaegesha simu kwenye rafu, akaiacha irekodi, akaenda zake uani kuandaa kamba za kuanikia. Baadaye akaongeza kinanda, akaongeza sauti yake, wimbo ukawa wimbo.

Kipande kikasambaa kwenye simu za watu. Mtangazaji wa redio, mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye akikutaja leo kesho unajulikana, akakisikia. Akasema, "Nataka wimbo mzima, safi, kabla ya kipindi changu cha jioni. Ukichelewa nafasi yako nampa mwingine, nami sirudi nyuma."

Wimbo mzima! Kwenye kompyuta kilikuwemo kile kipande kifupi tu, na simu yenye mdundo mzima, Povu kaifua. Ndiyo, kaifua. Yeye huyo anayepekua mifuko ya wateja wote, anatoa kalamu, vitana, siku moja katoa meno ya bandia, aproni yake mwenyewe hakuipekua. Simu ikatoka safi, inanukia, na imekufa kabisa.

Likabaki jambo moja, kurekodi upya. Akawasha Bi Mkubwa.

Na Bi Mkubwa akazunguka kimya, kama paka aliyeshiba.

"Imefika kwenye kukamua?" akanong'ona Meneja.

Meneja ni binamu yake, mtoto wa shangazi, kijana wa miwani ya jua asiyeivua hata ndani ya nyumba. Umeneja hakupewa na mtu. Aliamka nao siku moja.

"Ndiyo hiyo inakamua," Povu akasema.

"Mbona haisemi?"

"Si nakuuliza wewe meneja?"

"Mimi meneja wa msanii. Mashine zina watu wake."

Na mtu wake akainuka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine muda wote huo, grisi mpaka kwenye viwiko, tabasamu limefika masikioni. Baba.

"Mnasikia?" akauliza.

"Hatusikii kitu, Baba."

"Ndiyo hivyo! Hamsikii kitu!" Akacheka peke yake, akaipapasa mashine ubavuni. "Nimemtibu Bi Mkubwa. Beringi mpya. Springi mpya. Mguu uliozama nimeunyanyua. Tangu asubuhi niko mgongoni kwake kama mkandaji."

Povu akashusha kipaza sauti. "Lakini kwa nini leo, Baba? Si kila siku unasema utamtengeneza wiki ijayo?"

"Aibu, mwanangu." Baba akachukua kitambaa, akaanza kujifuta. "Jana niko kwa kinyozi, povu mpaka hapa shingoni. Kinyozi kafungulia simu yake, miziki yenu hiyo ya kubonyeza. Kelele tupu! Lakini humo ndani nasikia ko-ko, du. Nikasema lahaula, kuna mtu mashine yake inaumwa kama yangu, na haoni haya, kaitia kwenye wimbo! Wote mle ndani wakanigeukia, wanacheka. 'Mzee, siyo mashine yako hiyo?' Nikawaambia yangu nzima, haina hata mafua. Sasa ningefanyaje? Nimerudi nimeitengeneza, nisije nikawa mwongo."

Meneja akavua miwani. Povu alikuwa hajayaona macho yale siku nyingi, na sasa yalikuwa yametoka kama ya chura.

Maana hapa ndipo penye shida. Baba hakujua kwamba wimbo ule ni wa mwanawe. Povu alimficha makusudi. Baba ni fundi wa kizamani, anaamini kazi ni ile inayochafua mikono, na siku moja alisema mbele ya wateja kwamba hao wa kompyuta wanabonyeza vitufe kisha wanajiita wanamuziki, basi na yeye anayebonyeza swichi ya mashine aitwe rubani. Watu walicheka. Povu pia alicheka, lakini lilimkaa. Akajiapiza kwamba Baba atausikia wimbo redioni kwanza, jina litajwe na Mtangazaji mwenyewe, ndipo amwambie. Hapo hatakuwa na la kusema.

Sasa redio ile, jina lile, vyote vinategemea kelele ambayo Baba kaiua kwa mikono yake, na bado anasubiri asifiwe.

"Hamnipongezi?" akauliza.

"Hongera, Baba," Povu akasema, sauti kama ya mtu anayetoa pole.

"Hongera sana, Mjomba," Meneja akadakia. "Umeiweza."

Kutoka nyuma, upande wa jikoni, Mama akapaza sauti. "Nyie watu! Chakula kiko mezani!"

"Tunakuja!" wakaitikia wote watatu.

Hakwenda mtu.

Baba alipotoka na beseni la mashuka kwenda uani, Povu akaurukia mlango wa Bi Mkubwa. "Leta kitu kigumu! Chochote!"

Wakaanza na tofali, wakalifunga kwa taulo. Likagonga mara moja, kwa kishindo, mashine ikaruka kama imekanyagwa, Povu akazima mbio.

Wakajaribu mwiko. Mwiko ukalia kama mtu anayekoroga uji kwa hasira.

"Bado," Povu akasema, sikio juu ya mlango wa mashine. "Inataka kitu chenye kisigino."

Meneja akachungulia kaunta. Shangazi, mama yake, ndiye anayepokea nguo za wateja, na akikaa tu anavua viatu. Vilikuwa chini ya kiti, mama mwenyewe kaenda dirishani kuongea na mpita njia. Kijana akanyapia. Kiatu kimoja kikaingia mashineni.

Pa. Ka-pa. Pa... paka-pa.

"Mlevi anapanda ngazi," Povu akasema.

"Ngoja azoee," Meneja akasema.

"Nani azoee?" Sauti hiyo ikatoka nyuma yao. Shangazi kasimama mlangoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. "Enhe. Kiatu changu kiko wapi?"

Ndani ya Bi Mkubwa, kiatu kikajibu. Pa. Ka-pa.

"Wewe mtoto," Shangazi akamwambia mwanawe taratibu, "nimekuzaa, nimekulea, nikakununulia na hiyo miwani. Leo unanifulia kiatu?"

"Mama, ni kwa ajili ya sanaa."

"Sanaa inavaa namba ngapi?"

Povu akaona hakuna namna. Akamwambia yote: wimbo, simu, Mtangazaji, jioni. Shangazi akamsikiliza huku kajishika kiuno, na alipomaliza, badala ya kufoka akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unafikiri sijui? Tangu kile kipande kianze kuzunguka nakicheza hapo kaunta, kiuno hakinisikilizi. Nikasema sauti hii ya mtoto wa kaka yangu, nitaijua hata gizani."

"Sasa tufanyeje, Shangazi?"

"Rudisheni hiyo beringi ya zamani."

Kumbe kichwa anacho! Meneja akatoka mbio kwenda kumuuliza mjomba wake iliko, akarudi mbio zaidi. "Kampa mtu wa vyuma chakavu. Asubuhi." Akatoka tena, huyo, miwani inaruka puani, akapotelea kona ya kinyozi. Povu akabaki anatembea kati ya mashine na dirisha. Jua lilikuwa limeshaanza kuingia dukani kwa ubavu, na huwa linafanya hivyo pale mchana unapofunga virago.

Meneja akarudi anahema, mikono mitupu. "Kapakia kwenye gari, kaondoka zake."

"Chakula!" Mama akaita kutoka nyuma. "Nimepasha moto! Mnataka nikilete na kijiko niwalishe?"

"Tunakuja, Mama!"

Shangazi akamshika Povu bega. "Mwanangu, hapa imebaki njia moja, nayo iko uani inaanika mashuka. Kamwambie baba yako."

"Nimwambie nini? Aiharibu mashine aliyoitengeneza leo?"

"Ndiyo."

"Ataniua."

"Hakuui. Atanuna. Nimekua naye, najua. Akinuna mdomo unakuwa kama mfuko wa suruali uliogeuzwa."

Lakini hakuwa na haja ya kwenda uani. Baba aliingia mwenyewe, beseni tupu kwapani, akafungua Bi Mkubwa ili atie mzigo mwingine. Akatoa kiatu cha dada yake. Akakiangalia. Akawaangalia wao. Akatoa na mwiko.

"Kuna mtu," akasema polepole, "anaipikia mashine yangu?"

Povu akasimama mbele yake. "Baba. Naomba uiharibu."

"Niharibu nini?"

"Bi Mkubwa. Irudi kama ilivyokuwa. Inayogonga."

Baba akacheka, halafu akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akaweka kiatu juu ya rafu kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai.

"Ule wimbo wa kwa kinyozi," Povu akasema, "ni wangu."

Hata Shangazi kanyamaza, na Shangazi kunyamaza si jambo dogo.

"Ule wa mashine mbovu?" Baba akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo aliyenianika kwa kinyozi, povu shingoni, watu wananicheka, ni mtoto wangu wa kumzaa."

"Sikukuanika, Baba."

"Ubovu wa mashine yangu unaimbwa mtaani, watu wanaucheza, halafu hukunianika! Ungetaka kunianika ungefanyaje?"

"Kwangu haikuwa mbovu!" Povu akasema, na sauti ikampasuka katikati bila yeye kupanga. "Chumba changu si kiko nyuma ya ukuta huu? Tangu niko mdogo nalala nasikia ko-ko, du. Nikiisikia najua upo. Ikinyamaza najua umefunga kazi, unakuja kula. Nilipotaka kutengeneza wimbo wa kwanza nilitafuta midundo yote ya kwenye kompyuta, yote mizuri, yote mipya. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa kwangu."

Baba akamgeuzia mgongo, akasukumia shuka za watu mashineni, akafunga mlango, akabonyeza. Maji yakaanza kuingia. Alichukua pete yake ya ndoa pale alipoivulia kwa ajili ya grisi, akairudisha kidoleni, akaigeuzageuza.

"Siwezi," akasema hatimaye, bado kawapa mgongo. "Niombe kitu kingine chochote, mwanangu. Fundi hawezi kushika bisibisi kwenda kuharibu alichotengeneza. Mkono wenyewe utakataa."

Meneja akafungua mdomo. Shangazi akamkanyaga kwa ule mguu wenye kiatu.

Wakakaa hivyo. Mashine ikafua. Povu akakaa juu ya furushi la nguo, kipaza sauti mapajani, akawaza namna ya kumwambia Mtangazaji. Pole, wimbo wetu umepona. Nani ataelewa?

Bi Mkubwa akaingia kwenye kukamua, laini, hana habari. Baba alikuwa bado kamwegemea, anatazama ukutani, kazama mawazoni, mdomo kweli umegeuka kama mfuko wa suruali. Na kiganja chake kikainuka chenyewe, kikashuka juu ya kifuniko.

Ko-ko. Du.

Povu akainua kichwa.

Ko-ko. Du-du.

Pete ilikuwa inagonga kwanza, mara mbili, kijuujuu. Kisha kiganja kizima kinafuata. Vile vile. Ule ule. Mwanamume yule hakuwa na habari na mkono wake, kama vile mtu asivyokuwa na habari na kupepesa macho.

Jamani, mmeelewa? Miaka yote Bi Mkubwa akikamua alikuwa anatembea sakafuni, anaelekea mlangoni kama mke aliyesusa. Baba akawa anamwegemea, anampigapiga mgongoni ili atulie, kama unavyombembeleza mtoto akicheua. Beringi ilikuwa inakoroma tu. Mpigaji ni Baba! Na Povu hakuwahi kuona, kwa sababu mashine ikikamua yeye kazi yake iko uani, kwenye kamba. Na Baba mwenyewe, aliyeujua ule mlio mpaka kwa kinyozi, aliapa ni ugonjwa wa mashine.

"Meneja," Povu akanong'ona, "washa."

"Niwashe nini?"

"Kipaza sauti, we mtu! Washa!"

Na hapo ndipo alipokosea, maskini, kwa furaha. Akaruka. "Baba! Ni wewe! Ni mkono wako!"

Baba akautazama mkono wake kama kaukuta umekaa kwenye kiti chake. Akaurudisha kifuani. "Mkono umefanya nini?"

"Unapiga! Hiyo ndiyo ngoma ya wimbo! Endelea, Baba, usiache!"

"Kuendelea na nini?"

"Hivyo ulivyokuwa unapiga."

Baba akanyoosha mgongo. Akakohoa. Akaweka kiganja kwenye kifuniko kama mtu anayekula kiapo, akapiga. Po.

"Hapana, kama kawaida."

"Kawaida gani?" Po. Po.

"Usifikirie, Mjomba," Meneja akamshauri.

"Nisifikirie vipi na mnanitolea macho kama nabatizwa?" Po. Jasho likamtoka. Fundi mzima, mkono umekuwa gogo. Akajaribu kwa pete, ikalia ti-ti-ti, kama kuku anadonoa bati. "Mwanangu, mimi siwezi mambo haya. Nilikuambia."

Povu akatazama dirishani. Jua limebaki kwenye paa la kinyozi tu.

Ndipo Shangazi akavuta kiti, akakaa, akaanza kusafisha kucha zake kama hana habari na mtu. Kwa jicho akamwonyesha mwanawe: kaa tayari.

"Mwacheni," akasema. "Mkono wenyewe ndio ule uliounguza shati la bwana harusi."

Baba akageuka. "Shati gani?"

"Lile jeupe. La hariri. Pasi ikaacha alama mgongoni kama ramani."

"Dada. Tumeshaongea habari ya shati lile."

"Tumeongea, ndiyo. Ukasema ni umeme."

"Ulikuwa umeme!" Na mkono huo ukashuka juu ya kifuniko. Ko-ko, du. "Umeme ulipanda ghafla, kila mtu anajua!"

"Mtaa mzima umeme haukupanda. Ulipanda kwenye pasi yako tu."

Ko-ko, du-du. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilisikia harufu."

Ko-ko, du! "Harufu ya sufuria ya jirani!"

"Hariri ya jirani labda. Bwana harusi wa watu kaoa kavaa koti, joto lile, hawezi hata kulivua. Picha zote anatoa jasho."

"Alikuwa na wasiwasi wa ndoa!" Ko-ko, du-du, ko-ko, du! Bi Mkubwa anazunguka, shuka zinavuma ndani yake kama upepo, mkono unakimbia, na Povu kapiga magoti sakafuni na kipaza sauti, machozi yanamlenga, hajui analia au anacheka. Meneja kakodolea kompyuta, ananyoosha kidole gumba juu.

"Wewe kaka yangu nakupenda," Shangazi akamalizia, "lakini pasi na wewe hamjawahi kusikilizana."

Baba akajaza kifua. "Mimi," akanguruma, "sijawahi kuunguza shati!"

DU!

Mashine ikazima. Mzigo umekwisha.

"Tumepata," Meneja akasema kwa sauti ndogo.

Baba akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama dada yake, anayerudisha mikono yake mapajani taratibu. "Kumbe mlikuwa mnanichokoza."

"Sana," Shangazi akasema. "Lakini shati uliliunguza."

Sitawachosha na habari za kompyuta, nami mwenyewe sizijui. Povu alikata hapa, akashona pale, vidole vinaruka, kinanda kikakaa juu ya mdundo, sauti yake juu ya kinanda. Baba kasimama nyuma yake anaangalia. Hakusema habari ya rubani. Aliuliza tu, "Hapo umefanya nini?" na baada ya kidogo, "Na hapo?"

Redio ya juu ya rafu ikaanza kupiga muziki wa kufungulia kipindi.

"Tuma!" Meneja akapiga kelele.

"Sijaitoa sauti ya Baba, lile neno la mwisho..."

"Tuma hivyo hivyo!"

Akatuma. Kile kimstari cha kwenye kompyuta kikaanza kutambaa. Kikafika nusu, kikasimama kupumzika.

"Karibuni wasikilizaji," Mtangazaji akasema redioni kwa ile sauti yake nzito. "Leo nilikuwa nimewaahidi msanii mpya kabisa, na singo yake ya kwanza. Lakini naona msanii wetu kalala. Basi acha nimpe nafasi..."

Povu akafumba macho. Baba akaipiga kompyuta kofi dogo la mgongoni, la kuituliza. Ko-ko. Sijui kama ndilo lililosaidia. Kimstari kikamalizia njia.

"...ngoja, ngoja, ngoja," redio ikasema. "Kuna kitu kimeingia hapa. Haya. Anaitwa Povu. Wimbo unaitwa 'Kamua'. Nami nausikia pamoja nanyi, kwa hiyo tukiaibika tumeaibika wote."

Na ikaanza. Ko-ko, du. Ko-ko, du-du.

Hakuna aliyesogea. Mama katoka jikoni na taulo begani, maneno ya kuwasuta yako tayari mdomoni, akayameza. Sauti ya mwanawe inatoka kwenye redio, juu ya mkono wa mumewe. Mdundo ukapanda, ukapanda, ukafika pale ambapo muziki wa namna hii hukata kila kitu ghafla ili ushike roho yako, na katika ule ukimya, mbele ya nchi nzima, mwanamume mmoja akanguruma:

"Mimi sijawahi kuunguza shati!"

DU!

Meneja akairudisha miwani machoni ili asionwe. Povu akamgeukia baba yake. "Hatukuwa na muda wa kuitoa, Baba. Nisamehe."

Baba alikuwa anakiangalia kiganja chake, anakikunja, anakikunjua. Barabarani, kwa kinyozi, watu walikuwa wanapiga kelele na kupiga makofi kwenye mabati. Mtu mmoja kashaanza kuigiza: sijawahi kuunguza shati!

"Irudishe," Baba akasema.

"Redio hairudishwi, Baba."

"Basi kesho utaniwekea." Akavuta pumzi, akatazama kando, kama wafanyavyo wanaume wakitaka kusema kitu kizuri. "Nilisema mnabonyeza vitufe. Sikujua mnasikiliza kwanza."

Mama akamfuta Povu uso kwa lile taulo la jikoni, lina harufu ya kitunguu, naye akaacha afutwe kama mtoto.

Simu ya Meneja ikalia. Akaitazama, akaitazama tena. "Ni yeye! Mtangazaji!" Akaibonyeza isikike na wote.

"Hapo ni kwa Povu?" sauti nzito ikasema. "Sikiliza. Simu zangu zote zinalia, watu wanataka kujua yule mzee wa shati ni nani. Nina tamasha Jumamosi, ukumbi mkubwa, watu watajaa. Namtaka Povu jukwaani. Na namtaka mzee pamoja na mashine yake, apige mbele ya watu. Bila mzee sina nafasi, namchukua mwingine. Nataka jibu sasa hivi."

Meneja akafunika simu kwa kiganja. Wote wakamgeukia Baba.

Baba akatazama mkono wake. Akaujaribu kwenye kifuniko cha Bi Mkubwa, wote wanamwangalia.

Po.

Akajaribu tena. Po.

"Baba," Povu akasema, "si lazima."

"Nilikuuliza?" Baba akasema. Akachukua simu kutoka kwa Meneja, akaisogeza mdomoni kana kwamba inaweza kumuuma. "Mama, shikamoo. Subiri kidogo. Kuna watu humu ndani hawajala tangu asubuhi, na aliyewapikia ni mke wangu."

Hakukata simu. Alitangulia nayo kwenda nyuma, akaiweka mezani katikati ya masufuria, akanawa mikono, grisi ikatoka na maji. Akakaa. Mama akakaa. Shangazi akakaa, mguu mmoja una kiatu. Meneja akaketi na miwani yake, Mama akaivua akaiweka pembeni. Povu akakaa mwisho, upande wa baba yake, akapewa sahani iliyojaa mpaka ukingoni.

"Haloo?" simu ikasema. "Mzee yupo?"

Baba akamega tonge la kwanza, akatafuna taratibu, na watu wote mezani wakala bila kuangalia sahani zao, macho yote kwenye ule mkono.